DVR, NVR au Wi-Fi: kamera zipi zinalifaa shirika dogo lenye bajeti ndogo?

Shirika ninaloliwazia ni la aina iliyopo karibu kila mji wa Tanzania na Kenya: nyumba ya kupanga ndani ya uzio, ofisi mbili, stoo ya vifaa, geti moja, pikipiki ya mradi na mlinzi wa usiku. Kuna kompyuta mpakato chache ambazo zikiibwa, kazi ya mwaka mzima inasimama. Bodi imekubali kutoa fedha za kamera, na fedha zenyewe ni kidogo. Mafundi watatu wameleta proforma zisizofanana hata kidogo: mmoja kaandika DVR, wa pili NVR (zote mbili ni mashine za kurekodi picha za kamera, tofauti yake naieleza hapa chini), wa tatu kamera za Wi-Fi kwa bei inayowafanya wajumbe wote wageuke kumtazama mhasibu.

Msimamo wangu nauweka mezani mapema. Kwa kiwanja kimoja chenye kamera nne hadi nane, chukueni DVR ya waya, yenye hardi diski kubwa kuliko mliyoandikiwa, pamoja na betri. Kamera za Wi-Fi ziwe za ofisi ya chumba kimoja au viwili. NVR iwe ya wanaojenga sasa hivi, au wenye nyaya za mtandao zilizokwisha kupitishwa ukutani. Sababu zangu hazihusu sana uzuri wa picha, maana mchana mifumo yote mitatu inaonyesha vizuri. Zinahusu mahali rekodi inapokaa, kinachotokea umeme ukikatika, na nani atautunza mfumo fundi akishaondoka.

Mifumo yenyewe kwa ufupi

Kwenye DVR, kila kamera inavutiwa waya wake wa koaksia, kwa kawaida RG59, hadi kwenye mashine moja inayorekodi. Umeme wa kamera ni wa volti 12 kutoka kwenye pawa saplai. Asidhani mtu kwamba hizi ni zile picha za chenga za zamani. DVR za leo zinarekodi 1080p, yaani picha ya pikseli 1,920 kwa 1,080, na kupanda.

Kamera ya NVR, yaani kamera ya IP, ni kompyuta ndogo inayotengeneza video yenyewe na kuituma kwa waya wa Cat6. Waya huohuo ndio unaoipelekea umeme kutoka kwenye swichi ya PoE, kwa hiyo kila kamera ina waya mmoja tu, basi. Ya Wi-Fi haina mashine ya kati: inarekodi kwenye memori kadi iliyomo ndani yake, au kwenye hifadhi ya mtandaoni inayolipiwa kila mwezi, nanyi mnaitazama kwenye simu.

Rekodi inakaa wapi, na kwa siku ngapi

Hapa ndipo tofauti kubwa ilipo. DVR na NVR zinaweka video kwenye hardi diski ndani ya mashine, na mashine inafungiwa chumbani. Mwizi akiing'oa kamera ya getini, ameondoka na kamera. Sura yake imebaki ndani. Kamera ya Wi-Fi ikiibwa, inaondoka na kadi yake na ushahidi wote, isipokuwa mmelipia hifadhi ya mtandaoni. Kwa kamera iliyo ndani ya ofisi, juu ya dari, naweza kuvumilia hatari hiyo. Kwa kamera ya getini siwezi, na hilo peke yake linatosha kuiondoa Wi-Fi pale.

Faida hiyo ya DVR na NVR inapotea kabisa mashine ikiwekwa juu ya meza ya mapokezi karibu na skrini, jambo ambalo mafundi hulifanya ili wasivute waya mrefu. Mashine ikae kwenye kabati la chuma lenye matundu ya hewa, ndani ya chumba kinachofungwa, na skrini iwe kwingine.

Sasa nafasi. Kamera ya 1080p inayobana video kwa H.265 mara nyingi huwekwa kwenye megabiti 2 kwa sekunde. Hiyo ni GB 0.9 kwa saa, au GB 21.6 kwa siku ikirekodi bila kukoma. Kamera nne ni GB 86 kwa siku. Mkiandikiwa hardi diski ya TB 1, itajaa siku ya 12 na kuanza kufuta za mwanzo. Memori kadi ya GB 128 kwenye kamera moja ya Wi-Fi, kwa kiwango hichohicho, haifikishi siku sita.

Kwa aliyeruka ukuta jana usiku, siku 11 zinatosha. Lakini kuna hasara inayokuja kidogo kidogo: dumu la mafuta leo, katoni ya sabuni wiki ijayo, daftari za shule mwezi ukielekea ukingoni, na pengo linaonekana siku ya kuhesabu stoo. Ikiwa stoo inahesabiwa kila baada ya siku 30 na rekodi inadumu siku 11, mtakachokuta ni video za watu wakifagia. Muda wa rekodi ufuate muda wa hesabu yenu ya stoo. Kamera nne kwa siku 30 zinataka TB 2.6, mkinunua TB 4, nafasi inatosha hata mkiongeza ya tano na ya sita. Pesa ya tofauti hiyo ndiyo pesa iliyotumika vizuri kuliko zote kwenye proforma.

Diski yenyewe iwe ya kamera, kama WD Purple au Seagate SkyHawk, zilizotengenezwa kwa ajili ya kuandikwa mchana na usiku. Iliyochomolewa kwenye kompyuta kuukuu haikuundwa kwa kazi hiyo, na ikifa hamtajua mpaka siku mtakayoihitaji. Kwa memori kadi, nunueni zile za kurekodi mfululizo, kwa muuzaji anayetoa risiti. Kadi bandia zinazojiandika ukubwa zisiokuwa nao zimejaa sokoni.

Umeme ukikatika

Mwizi anayeijua nyumba huanza na meni swichi. Hapa DVR inawashinda wenzake kwa urahisi wake. Kamera nne zenye taa za usiku zikiwa zimewaka, pamoja na mashine na diski yake, zikadirieni wati 30. Betri ya volti 12 yenye Ah 100 (ampea-saa) ina Wh 1,200 (wati-saa). Kwa kuwa betri ya asidi haifai kushushwa chini ya nusu, mnabaki na Wh 600. Hata mkitumia inveta na kiasi kikapotea humo, usiku mzima unapita na asubuhi rekodi bado inaendelea. Paneli ndogo ya sola ikiwepo, mgao wa umeme hauwasumbui tena upande huo.

NVR nayo inalindwa vilevile kwa betri moja, maana kamera zote zinakula kwenye swichi moja, ila swichi ya PoE inaongeza ulaji na inahitaji inveta. Wi-Fi ndiyo yenye shida: kila kamera ina adapta yake kwenye soketi yake, hii sebuleni, ile barazani. Kuzilinda zote lazima muilinde nyumba nzima, pamoja na ruta.

Kuhusu intaneti, watu wengi wanachanganya. DVR na NVR hazihitaji intaneti kurekodi. Inahitajika tu mkurugenzi akitaka kutazama akiwa safarini, na hapo programu ya simu ya mtengenezaji inaunganishwa kwa kuskani msimbo wa QR, hata kama ruta yenu ni ya laini ya simu. Kupeleka kila kitu mtandaoni ni hesabu nyingine: kamera moja kwa megabiti 2, saa 24, ni karibu GB 650 za kupakia kwa mwezi. Kwa anayenunua bando, hifadhi ya mtandaoni inafaa kwa vipande vifupi vya mtu anapopita, si zaidi ya hapo.

Nyaya, chumvi na radi

Koaksia nzuri inafikisha picha zaidi ya mita 200. Cat6 kikomo chake ni mita 100, baada ya hapo mnahitaji swichi nyingine katikati. Kwa shule au kituo chenye uwanja mrefu, hiyo ni pointi ya DVR.

Lakini DVR ina udhaifu wake ambao mnaweza kuugundua mapema. Umeme wa volti 12 unapungua njiani kadiri waya unavyokuwa mrefu na mwembamba. Mchana kamera inafanya kazi sawasawa. Jua likizama, taa zake za usiku, yaani za infraredi, zinawaka, kamera inataka umeme zaidi, unaofika hautoshi, inazima. Ikishazima mzigo unapungua, inawaka tena, inazima tena, usiku kucha. Fundi aliyemaliza kazi saa tisa alasiri hatauona ugonjwa huo. Dawa ni waya mnene zaidi wa umeme, au pawa saplai ya karibu na kamera. PoE haina tatizo hili ndani ya mita zake 100, kwa sababu inasafirisha umeme kwa volti zinazokaribia 50.

Pwani, kuanzia Lamu hadi Mtwara na visiwani, adui mwingine ni chumvi. Konekta iliyoachwa ikining'inia chini ya paa inaota kutu ya kijani na picha inaanza kuchezacheza. Kila kiungo kikae ndani ya kiboksi kilichofungwa, na kamera ya nje iwe na kipimo cha kuzuia vumbi na maji cha IP66 au IP67. Bonde la Ziwa Victoria ni miongoni mwa maeneo yanayopigwa sana na radi duniani, na waya mrefu wa nje ni njia ya kuingiza radi hadi kwenye mashine. Ethi ya kweli na vizuia radi kwenye nyaya za nje ni lazima Mwanza, Bukoba au Kisumu. Hapa Wi-Fi ina nafuu ya haki: haina waya wa picha unaokatiza uwanja. Shida yake ni kuta za tofali na paa za bati, ambazo mawimbi ya 2.4 GHz yanazipita kwa taabu.

Sura inayotambulika

Kipimo kinachotumika Ulaya, EN 62676-4, kinataka pikseli 250 kwa kila mita ili kumtambua mtu msiyemjua. Picha ya 1080p ina upana wa pikseli 1,920. Gawanyeni: eneo linaloonekana lisizidi mita 7.7 kwa upana pale mtu anaposimama. Lenzi ya milimita 2.8, inayofungwa kwenye kamera nyingi za bei nafuu, inaona nyuzi 100 hivi, kwa hiyo upana huo unafikiwa mita tatu tu kutoka kwenye kamera. Ndiyo maana kamera iliyo kwenye kona ya ofisi, ikitazama geti lililo mita 15, inawapa mtu mwenye kofia na kanzu, basi, na polisi hawana la kufanya naye.

Kwa geti, ombeni lenzi ya milimita 6, ielekezwe kwenye mlango mdogo wanaopita watu, kutoka mita sita au saba. Kamera za DVR na za IP zinakuja na chaguo la lenzi. Nyingi za Wi-Fi zinakuja na lenzi moja pana na hamna la kubadilisha. IP inaongoza hapa kwa sababu picha za megapikseli 4 na 8 ni za kawaida kwake. Habari njema ni kwamba DVR nyingi za sasa zinapokea pia kamera moja au mbili za IP. Mnaweza kuweka kamera moja kali ya IP getini na za kawaida kwingine kote, na mkabaki na mashine moja.

Na taa. Taa ya LED yenye sensa juu ya geti inaipa kamera yoyote rangi ya shati na ya pikipiki, kitu ambacho infraredi haiwezi.

Fedha ni za nani?

Hili mafundi hawaliulizi, na linaweza kuwagharimu kuliko wizi. Kifungu cha 889 cha sheria ya ulinzi ya Marekani kilitaja kampuni tano za China: Huawei, ZTE, Hytera, Hikvision na Dahua. Tangu Agosti 13, 2020, kanuni za ruzuku za serikali ya Marekani, 2 CFR 200.216, zinazuia fedha za ruzuku kununua vifaa vinavyoangukia kifungu hicho, na zuio linawafuata hata wanaopokea kupitia shirika kubwa lililo juu yao. Kampuni tanzu na washirika wao wamo. Ezviz ilizaliwa Hikvision na Imou ilizaliwa Dahua, na kuna kamera nyingi zenye majina mengine kabisa zilizotengenezwa na hao hao.

Hikvision na Dahua ni nafuu, vipuri viko kila mahali, kuanzia Kariakoo hadi Luthuli, na fundi yeyote anazijua. Kwa shirika linalotumia michango ya wanachama au wafadhili wasio na sharti hilo, sina neno juu ya ubora wake kwa bei yake. Lakini kama kuna senti ya serikali ya Marekani kwenye bajeti ya kamera, mwandikieni mfadhili kwanza na muwe na jibu lake kwenye faili kabla ya kulipa. Uniview na VIGI ya TP-Link hazimo katika majina hayo matano.

Bila kujali jina, badilisheni nywila ya kiwandani. Mwaka 2016 kirusi cha Mirai kiliteka kamera na DVR nyingi mno kwa kujaribu tu nywila za kiwandani, na Oktoba 21 mwaka huo jeshi hilo la vifaa lilitumika kuangusha huduma za Dyn, kampuni iliyokuwa ikiongoza anwani za tovuti, na tovuti kubwa zikapotea hewani kwa saa kadhaa. Mwaka 2021 ikapatikana kasoro kwenye kamera za Hikvision iliyomruhusu mtu kuiendesha kamera bila nywila yoyote, na marekebisho yakatolewa. Anayenunua kwa muuzaji rasmi anapata masasisho hayo bila shida. Msimruhusu fundi afungue poti kwenye ruta, yaani mlango wa kuifikia mashine kutoka intaneti. Programu ya simu haihitaji.

Akaunti ya programu hiyo isajiliwe kwa barua pepe ya shirika, siyo ya fundi wala ya afisa mradi ambaye mkataba wake unaisha Desemba. Wi-Fi inaumia zaidi hapa, maana bila akaunti kamera nyingi za aina hiyo haziendesheki. DVR mnaweza kuifungua kwenye skrini yake.

Watu wanaorekodiwa

Kamera zinamrekodi mama aliyekuja kulalamika kupigwa, kijana aliyefuata dawa zake, mtoto aliyeletwa na polisi. Kwa shirika la huduma, hao ndio sababu ya kuwepo kwake. Chumba cha ushauri, bweni na vyoo visiwe na kamera, na kamera ya mapokezi itazame mlango, isitazame nyuso za waliokaa kusubiri. Kipaza sauti kizimwe. Kamera nyingi za Wi-Fi zinakuja nacho kimewashwa. Waandikwe watu wawili tu wanaoruhusiwa kufungua rekodi, na kila wanapofungua waandike tarehe na sababu.

Sheria nayo ipo. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, na Tume inayosajili wanaokusanya taarifa. Kenya ina sheria yake ya 2019. Kanuni za Kenya za 2021 zinasamehe usajili kwa wenye mapato chini ya shilingi milioni 5 na wafanyakazi wasiofika 10, lakini msamaha huo hauwahusu wanaoendesha kamera za usalama kwa ajili ya kuzuia uhalifu. Wekeni bango getini, kwa Kiswahili, linalosema eneo linarekodiwa na nani aulizwe.

Nani achukue nini

Ofisi ya chumba kimoja ghorofani, jengo lina mlinzi wake: kamera mbili za Wi-Fi za ndani, kadi nzuri, UPS ndogo ya kamera na ruta. Msitumie zaidi ya hapo.

Kituo chenye uzio, stoo na geti, kamera nne hadi nane: DVR ya njia nane hata kama mnaanza na nne, kwa sababu mashine ya njia nne ikijaa mnanunua nyingine. Diski TB 4, betri, kabati la chuma, kamera ya geti yenye lenzi ya milimita 6.

Mnaojenga jengo jipya: pitisheni Cat6 ukutani kabla ya plasta na mchukue NVR. Mtalipa zaidi leo, lakini nyaya hizo zitabeba pia intaneti na simu za ofisi.

Shamba au kisima cha mradi kisicho na umeme: kamera ya 4G yenye paneli ya sola, mkijua kwamba inalala na kuamka mtu akipita, hairekodi mfululizo, na bando lake ni la kila mwezi milele.

Yupo pia mfanyakazi wa kujitolea atakayewashauri mtumie kompyuta kuukuu na programu huria kama ZoneMinder au Frigate. Ni programu nzuri kweli. Muulizeni nani ataigusa yeye akiondoka. Kama hakuna jina la pili, kataeni kwa upole.

Mkishachagua, salio la fundi lilipwe usiku. Saa tatu, taa za nje zikiwa zimezimwa, zimeni meni swichi. Mtu ambaye fundi hamfahamu aingie getini amevaa kofia, atembee hadi stoo, atoke. Kisha fundi aitafute video hiyo kwenye mashine, aitoe kwa flashi, na mhasibu aifungue kwenye kompyuta yake. Uso ukionekana, saa iliyoandikwa juu ya picha ikiwa sahihi, na mashine bado inaendeshwa na betri, mpeni hundi yake.